Barua ya Wazi kwa Viongozi wa Kanisa: Miaka 18 kwa Kalenda ya Shule Zetu

Kwa Urais wa Kwanza wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, Salt Lake City, na kwa Urais wa Eneo la Afrika ya Kati, Nairobi.

Viongozi wetu wapendwa,

Nawasalimu kwa heshima. Mimi ni muumini wa Kanisa hili niliyebatizwa nikiwa mtu mzima, ni mwalimu wa sekondari hapa Dar es Salaam, na ni mama wa watoto wawili: wa kiume aliyekwenda misheni, yaani kazi ya kuhubiri ya muda wote, akiwa na miaka 18, na wa kike ambaye anatimiza miaka hiyo hiyo mwaka huu na ameshaniambia kwamba anataka kwenda. Ninaandika kwa uwazi kwa sababu jambo hili si la nyumba yangu peke yake. Kila mwaka, mitihani ya Kidato cha Nne inapomalizika, wazazi wa Kitanzania walio waumini hujikuta mbele ya swali ambalo tangazo la umri wa kuanza misheni halikulijibu, yaani mtoto aende sasa au amalize kwanza Kidato cha Tano na cha Sita, na kila familia hulijibu kivyake, mara nyingi kwa haraka na bila mtu wa kuwaeleza nini kitapotea.

Tarehe 21 Novemba 2025, Urais wa Kwanza ulipotangaza kwamba mabinti nao wanaweza kuanza umisionari wakiwa na miaka 18 badala ya 19, binti yangu alikuwa katikati ya mitihani hiyo. Daftari la Baiolojia lilikuwa wazi mezani, na habari ikaingia kwenye simu yangu kupitia kundi la kina mama wa tawi letu, yaani kusanyiko letu la Jumapili. Nilimpa asome. Alisoma mara mbili, akanirudishia simu, akaendelea na daftari lake kimya, mpaka usiku tulipokuwa tunafunga milango ndipo aliposema, “Mama, basi sina tena mwaka wa kusubiri.” Nilimkumbatia, na furaha yangu ilikuwa ya kweli. Hata hivyo sikulala vizuri usiku ule, na sababu zake ndizo ninazotaka kuziweka mbele yenu.

Naomba nianze na furaha hiyo, ili msije mkanielewa kwamba napinga uamuzi wenu. Mabinti wa Kanisa hili wamesubiri kwa muda mrefu. Dada wawili wa kwanza ambao hawajaolewa, Inez Knight na Jennie Brimhall, waliitwa mwaka 1898 na kupelekwa Uingereza, na tangu hapo umri wa mabinti ulibaki juu ya ule wa vijana wa kiume kwa miaka mingi: ulikuwa 23, ukashushwa hadi 21 katika miaka ya 1960, na ukakaa hapo hapo hadi Thomas S. Monson, Rais wa Kanisa wakati ule, aliposimama kwenye Mkutano Mkuu tarehe 6 Oktoba 2012 na kutangaza miaka 18 kwa vijana wa kiume na 19 kwa mabinti. Mimi ninamjua dada mmoja ambaye miaka 21 ilimponyoka. Alipomaliza shule alikuwa na shauku, akaambiwa asubiri, na alipofika 21 alikuwa ameolewa, ana mtoto mgongoni, na anauza vitenge ili kulea. Hajutii mume wala mtoto wake, lakini kila dada mmisionari akisimama mimbarini kutoa ushuhuda, yeye huinamisha kichwa, nami nimekaa karibu naye vya kutosha kujua sababu. Kwa hiyo, mabinti walipokuwa zaidi ya nusu ya waombaji katika majuma yale ya mwanzo baada ya tangazo la 2012, sikushangaa. Na uamuzi wa sasa wa kuwasawazisha na kaka zao umeondoa jambo ambalo lilikuwa gumu kuwaelezea mabinti wetu darasani siku ya Jumapili.

Lakini tangazo la 2012 lilikuwa na sharti pamoja na umri: kijana awe amemaliza sekondari au masomo yanayolingana nayo. Tena Rais Monson alieleza kwamba hata kabla ya siku ile vijana wa baadhi ya nchi walikuwa wakiruhusiwa kwenda wakiwa na miaka 18, ili waweze kutimiza utumishi wa jeshi unaotakiwa kwao na kupata nafasi zao za elimu. Maana yake ni kwamba Kanisa lenyewe lilianza kwa kuangalia kalenda ya kila nchi, likaona vijana wanabanwa wapi, likarekebisha umri ili huduma isigongane na shule wala na wajibu wa taifa. Ombi langu lote limejengwa juu ya busara hiyo. Naomba kalenda ya Tanzania iangaliwe kwa jicho lile lile.

Nieleze kama mwalimu. Katika nchi yetu sekondari ina ngazi mbili. Mwanafunzi husoma Kidato cha Kwanza hadi cha Nne, hufanya mtihani wa taifa mwezi Novemba, na matokeo hutoka Januari. Waliofaulu vizuri husubiri TAMISEMI, ofisi ya serikali ya tawala za mikoa na serikali za mitaa, itangaze majina ya waliochaguliwa kwenda Kidato cha Tano au vyuo vya ufundi, kila mmoja na shule yake na tahasusi yake, na masomo huanza Julai. Asiyeripoti kwa muda uliopangwa, nafasi yake hupewa mwingine. Baada ya miaka miwili hufanya mtihani wa Kidato cha Sita mwezi Mei, na huo ndio mlango mkuu wa kuingia chuo kikuu na wa kuomba mkopo wa elimu ya juu. Katikati ya mtihani huo na chuo wapo wanaoitwa Jeshi la Kujenga Taifa kwa mujibu wa sheria, utaratibu ambao ulisimama mwaka 1994 na kurudishwa mwaka 2013. Mtoto aliyeanza darasa la kwanza akiwa na miaka saba humaliza Kidato cha Nne akiwa na miaka 17 au 18, na Kidato cha Sita akiwa na 19 au 20.

Sasa iwekeni miaka 18 juu ya kalenda hiyo. Kwa kijana wa Utah, 18 inaangukia mahali ambapo shule moja imekwisha na nyingine haijaanza, tena vyuo vya kule vimezoea kumhifadhia mmisionari nafasi yake. Kwa kijana wa Nairobi aliyefanya mtihani wa KCSE, sekondari imekwisha yote na kinachofuata ni chuo. Kwa kijana wa Lubumbashi aliyepata diploma yake ya serikali ni hivyo hivyo. Lakini kwa kijana wa Dar es Salaam, wa Mwanza au wa Arusha, 18 inaangukia katikati ya daraja. Amemaliza Kidato cha Nne, ana cheti mkononi, kwa hiyo mtu anaweza kusema kwa haki kabisa kwamba amemaliza sekondari. Na mtu mwingine, kwa haki hiyo hiyo, anaweza kusema kwamba bado miaka miwili. Kwetu sharti lile husomwa kwa namna zote mbili, kutegemea ni nani aliyeketi upande wa pili wa meza siku ya mahojiano.

Mwanangu alisomewa kwa namna ya kwanza. Mwaka 2022 alikuwa na miaka 18, amefaulu, na jina lake lilikuwa limetoka kwenye orodha ya Kidato cha Tano, tahasusi ya Fizikia, Kemia na Hisabati. Wito wake ulikuwa umeshafika pia, kwenda nchi moja ya Afrika Magharibi. Kiongozi aliyetushauri, ambaye sitamtaja kwa jina wala kwa tawi, alituambia kwamba Bwana angefungua mlango mwingine wa shule wakati ukifika. Alisema kwa nia njema. Wala simlaumu peke yake, kwa sababu mimi ndiye mwalimu, mimi ndiye niliyejua kwamba nafasi ile haihifadhiwi, na bado nilinyamaza kwa kuogopa kuonekana mama mwenye imani haba. Ile fomu ya kujiunga, yenye orodha ya ndoo, jembe na shuka mbili za rangi ya bluu, niliikunja na kuiweka kwenye kabati pamoja na vyeti vya kliniki.

Nataka muone pia jambo ambalo huenda lugha yenu haiwaonyeshi. Katika Kiswahili cha Kanisa kijana huyu anaitwa Mzee. Kwetu neno hilo lina uzito wa miaka: mzee ni mtu aliyekwishazika, aliyekwishaoza watoto, anayeombwa kukaa katikati ndugu wanapogombana. Jumapili ya kumuaga, tangazo liliposomwa kwamba Mzee fulani anaondoka, bibi yake mzaa baba, ambaye alikuwa amekuja kutoka Moshi na si muumini wetu, aliniuliza kwa sauti ya chini mjukuu wake amezeeka lini. Asubuhi ile ile alikuwa amemwamkia shikamoo huku bado ana povu la dawa ya meno mdomoni. Bibi hakuwa anabeza. Alikuwa anauliza jambo la maana: mtoto huyu ataingia nyumbani kwa mtu mwenye miaka 50, atamwamkia kwa adabu kama tulivyomfunza, halafu dakika mbili baadaye atamfundisha juu ya ndoa yake, pombe yake na toba yake. Wapo vijana wa miaka 18 wanaoweza, na nimewaona kwa macho yangu. Mwanangu hakuwa mmoja wao wakati ule, na miaka miwili zaidi ingemsaidia.

Tangu Februari 2019 mmewaruhusu wamisionari kuzungumza na familia zao kila wiki, na kwa hilo kila mama ana deni kwenu. Ni kwa njia hiyo nilijua. Wiki za mwanzo alikuwa akiishika simu usawa wa uso, anacheka, ananionyesha sahani ya wali. Kufikia mwezi wa nne alianza kuiegemeza mahali fulani chini, na kilichoonekana ni paji la uso, feni ya darini na ukuta. Nikimwambia ainue simu, alisema mtandao ni mbaya. Mmisionari mwenzake waliyepangwa kufanya kazi wawili wawili, aliyekuwa pia mkufunzi wake katika wiki 12 za mwanzo, alikuwa kijana wa miaka 19 mwenye miezi mitano tu kazini. Nilizungumza naye mara moja. Alikuwa mtoto mzuri sana, mwenye hofu ya Mungu, na alikuwa amechoka kuliko mwanangu.

Jambo hili la vijana kufundishwa na vijana nalo lina historia yake. Mwishoni mwa 2012 wamisionari wa muda wote walikuwa wapatao 59,000. Mwishoni mwa 2013 walikuwa 83,035, na mwishoni mwa 2014 walikuwa 85,147. Misheni mpya 58, kwa maana ya maeneo ya kazi ya wamisionari, ziliongezwa mwaka 2013, zikafika 405. Baada ya wimbi hilo kupita, idadi ilishuka tena hadi 70,946 mwishoni mwa 2016. Yeyote aliyewahi kupokea wanafunzi wengi kuliko walimu wake anajua kinachotokea katika miaka ya namna hiyo: wale wa mwaka wa pili hugeuzwa kuwa walimu wa wale wa mwaka wa kwanza, na mwenye uzoefu anakuwa ni yule aliyefika majuzi. Wimbi lile pia lilileta mema, na jema kubwa machoni pangu ni kwamba dada wamisionari walipewa nafasi ya uongozi ya kuwafundisha na kuwatembelea dada wenzao, nafasi ambayo haikuwapo awali. Lakini sasa mmefungua mlango tena kwa mabinti wa miaka 18, na binti wa kwanza atakayefika akiwa na umri huo atahitaji mkufunzi aliyekomaa. Tafadhali asikabidhiwe kwa mwenzake wa miezi mitano.

Mwanangu alirudi baada ya miezi saba. Daktari alisema ni ugonjwa wa wasiwasi, akampa dawa na ushauri, na leo namshukuru Mungu kwamba anaendelea vizuri. Kilichomuumiza zaidi kilikuwa cha nyumbani. Katika tawi tulilokuwa tunakusanyika wakati ule, mtu mzima mmoja alimshika mkono mlangoni na kumwuliza mbele ya watu, “Mbona mapema, umefanya nini?” Hakurudi kanisani kwa miezi kumi na moja. Suti aliyonunuliwa kwa michango ya shangazi zake ilibaki kwenye mfuko wake wa nailoni nyuma ya mlango, na ikafika wakati hata mimi nikawa naogopa kuufungua mlango ule kwa nguvu, mfuko usije ukachakarika naye akasikia.

Na shule? Nafasi ya Kidato cha Tano ilikuwa imekwenda. Shule binafsi ilikuwa nje ya uwezo wangu. Akajiandikisha kama mtahiniwa wa kujitegemea, akawa anasoma masomo ya jioni kwenye kituo cha mtaani pamoja na watu wa rika zote, mchana anatengeneza simu na kompyuta kwenye kibanda cha rafiki yake. Fizikia na Kemia aliziacha kwa sababu hakukuwa na maabara. Alifanya mtihani wa Kidato cha Sita mwaka jana akiwa na miaka 21 na akafaulu kwa daraja la tatu. Ninajivunia daraja hilo la tatu kuliko ninavyoweza kueleza. Lakini yule mtoto aliyetaka kuwa mhandisi hatakuwa mhandisi, na jambo hilo halikuwa na ulazima wowote wa kutokea. Angeenda Kidato cha Tano Julai ile, angemaliza Mei 2024 akiwa na miaka 20, na mpaka leo angekuwa bado na umri wa kuhudumu miaka yake miwili kamili.

Ninajua jibu ambalo ndugu wengi hunipa ninaposema hivi. Wanasema kijana akiachwa asubiri haendi tena: bweni litamharibu, atapata kazi, atapata mchumba, shauku itapoa. Wana ukweli wao, maana nimewaona waliopoa. Lakini imani ambayo haiwezi kuvuka miaka miwili ya bweni la shule, penye ratiba, walimu na maombi ya usiku, itavukaje miezi 24 katika mji wa ugenini, mtu akigongewa mlango usoni mara ishirini kwa siku? Mimi naona miaka ile miwili ni sehemu ya matayarisho. Kijana hujifunza kuishi na mtu asiyemchagua, kufua nguo zake, kuamka kabla ya jua, kusali akiwa peke yake kati ya watu wa dini nyingine. Hayo ndiyo mambo ambayo wamisionari wanaorudi husema walikuwa hawayajui.

Kwa binti kuna uzito mwingine wa ziada. Mmesema daima, na naomba mwendelee kusema, kwamba kwa vijana wa kiume umisionari ni wajibu wa ukuhani, lakini kwa mabinti ni mwaliko. Huku mashinani mwaliko hugeuka wajibu upesi sana. Tangu Novemba, binti yangu ameulizwa na watu zaidi ya kumi anapeleka lini maombi yake, na hakuna hata mmoja aliyemwuliza kama anataka. Tulipoitisha kikao cha familia, baba yake mkubwa, Mlutheri wa siku nyingi na mtu mwenye upendo, alisikiliza mpaka mwisho, akakubali kwamba kumtumikia Mungu si jambo la kuzuia, kisha akauliza swali moja: “Akirudi atasoma wapi?” Katika ukoo wetu binti aliyekatisha shule huchumbiwa haraka, na wajomba huwa na majibu tayari. Sikuwa na la kumjibu. Ninatamani ningekuwa na karatasi yenye saini ya Kanisa langu ya kumwonyesha.

Karatasi hiyo ndiyo ninayoiomba. Naomba Urais wa Eneo, kwa idhini yenu mlio Salt Lake City, utoe maelekezo ya maandishi kwa ajili ya Tanzania, yatakayosomwa katika kila kata na kila tawi la Kanisa, kwamba kwa kijana aliyechaguliwa kuendelea na Kidato cha Tano au chuo, kumaliza sekondari maana yake ni kumaliza masomo hayo kwanza. Na kwamba yule ambaye hakuchaguliwa, au ambaye amekwisha kuacha shule kwa sababu zake, yuko huru kuitwa akiwa na miaka 18 bila kusubiri chochote. Kama mtaona kuwa hilo ni kali mno, basi angalau mahojiano ya mtahiniwa wa Kidato cha Nne yafanyike baada ya orodha ya TAMISEMI kutoka, mzazi akiwepo hata kama si muumini, na kiongozi amweleze kijana waziwazi kwamba nafasi yake haitahifadhiwa. Maombi ya umisionari tayari yana fomu ya daktari na ya daktari wa meno. Ukurasa mmoja wa shule hautayalemea.

Naomba pia kwamba mmisionari anayeanza akiwa na miaka 18, wa kike kwa wa kiume, asipewe mkufunzi ambaye hajatimiza angalau mwaka mmoja kazini, hata kama italazimu kuwapokea wachache kwa awamu. Na kwa wale wanaorudi kabla ya muda kwa sababu ya afya, naomba Jumapili ya kwanza rais wa tawi au askofu aseme mbele ya mkutano, kwa maneno machache, kwamba ndugu huyu au dada huyu ameachiliwa kwa heshima, kisha amkalishe karibu naye. Sentensi moja ya namna hiyo ingemwokolea mwanangu miezi kumi na moja. Umisionari wa huduma, ambao kijana anaweza kuufanya akiishi nyumbani kwao, nao utajwe wakati huo huo kama njia iliyo wazi, kwa sababu sisi tulikuja kuusikia baada ya mwaka mzima.

Juu ya masomo baada ya misheni, Kanisa tayari limefanya makubwa. Mwaka 2001 Rais Gordon B. Hinckley alitangaza Mfuko Endelevu wa Elimu, akiwaza hasa wamisionari wanaorudi kwenye umaskini ule ule waliouacha, na BYU-Pathway, mpango wa Kanisa wa masomo ya chuo, imewafikia vijana wengi wa Afrika kupitia intaneti. Nashukuru kwa yote mawili. Ila kwa kijana wa hapa aliyekwenda baada ya Kidato cha Nne, shida huanzia chini ya chuo: anahitaji ada ya Kidato cha Tano na cha Sita katika shule yenye maabara, si mkopo wa shahada. Kama mfuko ule ungeweza kugusa ngazi hiyo kwa wale ambao tayari walikwenda na wakapoteza nafasi, tawini kwetu peke yake ninawajua vijana watatu ambao wangeandika barua ya maombi kesho asubuhi.

Siombi umri upandishwe tena. Tuko katika wakati ambao wazazi wetu wa imani hapa nchini, waliolipokea Kanisa liliposajiliwa mwaka 1992, hawakuuota. Hekalu la Nairobi liliwekwa wakfu tarehe 18 Mei 2025, na binti yangu, siku yake ikifika, atapanda basi usiku hapa Dar es Salaam na kesho yake atakuwa Kenya kwa ajili ya endaumenti yake, ibada takatifu ya hekaluni, safari ambayo kwa dada waliomtangulia ilihitaji ndege hadi Johannesburg. Nitakwenda naye. Nimeshaanza kuweka akiba ya nauli kwenye bahasha yenye jina lake. Ninachotaka ni kwamba siku hiyo awe na cheti cha Kidato cha Sita ndani ya begi, ili atakapoingia kazini awaze watu anaowafundisha tu.

Matokeo yake yalitoka Januari. Amepata daraja la pili, na kwenye fomu yake ya chaguo aliandika Kemia, Baiolojia na Jiografia. Fomu ya umisionari iko kwenye tableti yetu, imejazwa mpaka mahali pa picha, na tumekubaliana, yeye na mimi, kwamba hataituma mpaka orodha ya Kidato cha Tano itoke na mpaka tuwe tumesikia neno kutoka kwenu au kwa waliowekwa juu yetu Nairobi. Masomo yanaanza Julai. Ningeomba, kwa unyenyekevu wote, jibu lije kabla ya hapo.

Wenu katika imani,

Mama na mwalimu,
Dar es Salaam